Kontrola ya Harish na Jua la Ijumaa

Benchi letu liko ng'ambo ya barabara, mkabala na studio ya picha ya Harish hapa Nyamira mjini. Zamani lilikuwa benchi la kanisa. Lilivunjika mguu, likatupwa nje, na Okemwa muuza kahawa akaliokota akalitegemeza kwa mawe mawili. Okemwa aliwahi kubeba magunia bandarini Mombasa, akarudi na birika la shaba na maoni juu ya kila kitu, ndiyo maana tunamwita Bandari. Wateja wake wa kudumu ni Nehemiah, mzee wa kanisa la Wasabato, ambaye dini yake haimruhusu kahawa, kwa hiyo hununua kikombe akakishika mpaka kikapoa, eti anapasha mikono moto, kisha akakirudisha kikiwa kimejaa. Yupo Jethro, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye jina lake la benchini ni Profesa. Nipo mimi, Gazeti, naitwa hivyo kwa sababu nayauza, si kwa sababu nayasoma. Na yupo Thadeus, Daktari wa Redio, ambaye habari hii ni yake.

Thadeus ni mtu wa Sironga. Kwa miaka kumi na miwili ametengeneza redio kwenye veranda ya duka jirani na benchi letu, na akikosa mteja huja kungojea kwetu. Siku hizi anangojea sana. Redio za bei rahisi zimejaa, ikiharibika mtu anaitupa, na mwaka wa pili huu ni Edinah mkewe anayelisha nyumba kwa kuuza ndizi. Thadeus ana miaka arobaini na mmoja, na hajawahi kuandikwa kazi hata siku moja maishani mwake. Linamuuma, ingawa hasemi.

Ijumaa hiyo, Agosti ya mwaka wa tisini na tisa, Wasabato walikuwa wanaanza makambi, mkutano wao wa mahubiri wa kila mwaka. Watu ni wengi kuliko hema, kwa hiyo Harish alikuwa amepewa kazi ya kumwonyesha mhubiri kwa kamera tatu, na picha zipelekwe kwenye televisheni sita katika mahema ya pembeni. Kwa ajili hiyo alikuwa amenunua Nairobi kitu kinachoitwa kontrola, mtumba wa kituo fulani cha televisheni huko ng'ambo kilichofungwa. Ni ubao wa vitufe vinavyowaka taa. Wenyewe hauonyeshi chochote. Kazi yake ni kutuma amri kwa waya kwenda kwa mashine nyingine tatu: swicha inayochagua kamera, mashine ya kanda za nyimbo, na mashine ya kuandika majina chini ya picha. Thadeus alikuwa ameahidi kuziunganisha. Harish naye alikuwa ameahidi kwamba kontrola ikitii, Thadeus ataandikwa fundi wa studio, kwa barua.

Tatizo ni kwamba Msabato hagusi kazi jua likishazama Ijumaa. Nehemiah alikuwa ametumwa na kamati aone kwa macho yake mashine inafanya kazi kabla ya jua kuzama, la sivyo televisheni haziingii makambini. Ndiyo sababu alikaa nasi tangu mchana, kikombe mkononi, jicho moja kwenye studio, la pili kwenye ukingo wa mlima wa Manga ambako jua huenda kulala.

Saa tisa Thadeus akavuka barabara, akakaa, akapewa kahawa.

— Imekataa.

Akatueleza. Ukibonyeza kitufe cha kamera ya kwanza, mashine ya kanda inatema kanda. Ukibonyeza cha kanda, swicha inarukia kamera ya tatu. Ukirudia kile kile, hakuna kinachotokea. Na saa sita mchana kontrola ilikuwa imetii mara tatu mfululizo, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi, maana kitu kibovu kabisa mtu hukizoea.

— Waya ni urefu gani? Okemwa akauliza.

— Mita thelathini. Kontrola iko chini dukani. Hizo zingine ziko ghorofani.

— Ghorofani. Okemwa akaweka birika chini. Sasa unaona. Wewe unataka amri ipande mlima. Mimi nimefanya kazi bandarini, bwana. Hakuna kitu inapanda bila pampu. Wahenga walisema maji hufuata mkondo.

— Umeme si maji, Bandari.

— Mimi sijasema ni maji. Nimesema inafuata mkondo.

Mtu anayezama hushika hata unyasi. Thadeus alirudi, akaibeba kontrola mpaka ghorofani, akaiweka juu ya kabati ili iwe juu kuliko mashine zote, akapanda kiti ili aifikie. Tulimwona kupitia dirishani, kichwa kimeinama chini ya dari. Akabonyeza. Kanda ikaruka kutoka kwenye mashine yake, na sauti ya kuanguka kwake tukaisikia mpaka benchini.

— Waya iko na kona nyingi, Okemwa akasema, na hapo akaanza kueleza jinsi amri inavyochoka kwenye kona.

Thadeus aliporudi, Nehemiah alikuwa tayari amesafisha koo. Akataka kujua mashine imetoka wapi. Nairobi. Kabla ya Nairobi? Ng'ambo. Na huko ng'ambo ilikuwa inaonyesha nini usiku na mchana, miaka yote hiyo? Hakuna aliyejua, na Nehemiah akafumba macho kama mtu aliyeshinda kesi. Mashine iliyoonyesha dansi miaka kumi, akasema, haiwezi kuambiwa Ijumaa ianze kuonyesha mhubiri Jumamosi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Basi iombee, tata, mimi nikamwambia, kwa heshima ya baba.

— Siwezi kuombea kitu ambayo haijakiri dhambi.

Kisha ikawa zamu ya Jethro. Profesa husubiri mpaka wajinga wote wamalize ndipo aseme jambo la kijinga zaidi.

— Tarehe ya leo ni gani?

Nikamwambia. Nilikuwa na magazeti.

— Miezi minne imebaki tuingie elfu mbili. Hizi mashine zote zinajua. Si ng'ombe hutulia kabla ya radi? Hiyo mashine inaogopa. Wewe irudishie saa nyuma, itulie.

— Nirudishe mpaka lini, mwalimu?

— Sitini na tatu. Ulikuwa mwaka mzuri. Kila mtu alikuwa na matumaini.

Thadeus akaenda kujaribu, akarudi: saa ya kontrola ilikataa kwenda nyuma zaidi ya themanini. Jethro akasema themanini pia si mbaya, ndio mwaka aliopewa shule. Thadeus akavuka barabara kwa mara ya tatu, akaiambia mashine kwamba sasa ni 1980, akabonyeza kamera ya kwanza. Safari hii mashine ya majina ndiyo iliyoitika. Kwenye televisheni ambayo Harish alikuwa ameiweka kwenye dirisha la duka ielekee barabarani, jina refu la mzungu fulani likaandikwa toka upande huu mpaka ule, na chini yake maneno ya lugha tusiyoijua. Tukakaa tukilisoma. Okemwa alisema huyo labda ndiye mwenye mashine, anaidai.

Hapo ndipo Harish alipotoka. Harish si mtu wa kelele. Babu yake alikuwa na duka Nyamache, yeye mwenyewe amezaliwa Kisii, na Kigusii chake ni safi kuliko cha watoto wangu wanaosoma Nairobi. Alikunywa kahawa yake akiwa amesimama. Kisha akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara mbili.

— Fundi, mimi sikusukumi. Jua ndiyo linakusukuma. Barua nimeshapiga taipu. Nimeacha nafasi ya jina.

Thadeus akaitazama ile karatasi, hakuigusa.

— Ikishindikana, Jumapili naita yule fundi wa Nairobi. Nikimleta huku siwezi kumrudisha bure, nafasi itakuwa yake. Lakini mimi nataka iwe wewe.

Akairudisha mfukoni, akatuaga kwa Kigusii, akavuka barabara. Angekuwa amefoka ingekuwa rahisi. Mtu akikufokea unapata la kumjibu.

Thadeus alikaa akizungusha kikombe.

— Juzi nilikuwa naenda Kisii kutafuta vipuri, akasema. Mama watoto akanipa nauli. Akaiweka mezani, hakusema kitu. Heri angesema.

Nilisikia aibu. Mchana mzima tulikuwa tumemrusha barabarani kama mpira, juu kabatini na nyuma mpaka 1980, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufungua kitu chenye waya zaidi ya tochi. Nadhani Jethro naye aliisikia ile aibu, kwa sababu ndipo alipouliza swali la kwanza la maana, lile ambalo mwalimu humuuliza mtoto aliyekosea hesabu.

— Hebu tuone maagizo. Uliyafuata?

Thadeus akatoa faksi aliyotumiwa kutoka Nairobi. Ilikuwa imefifia, na mistari ya chini ilikuwa imetoka nyeusi tititi. Wakaisoma pamoja kidole kwa kidole. Unganisha waya. Washa. Kila mashine ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kontrola, maana amri hutoka ikiwa na namba ya mashine inayokwenda, kama vile barua hutoka ikiwa imeandikwa inakokwenda. Halafu weusi.

— Namba umezipa?

— Nimezipa.

— Mashine zote?

— Zote nne. Namba moja.

Hakuna aliyeshtuka. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye kila mtu alidai alishtuka. Thadeus alitueleza, na alieleza kwa fahari kidogo, kwamba hapo hasa ndipo alipotumia akili. Alipofika kwenye namba alijiuliza: sisi Sironga tunafanyaje? Kijiji kizima kinatumia sanduku moja la posta, la shule ya msingi. Chifu mdogo yumo. Edinah yumo. Wakatoliki, Wasabato, wale wa kanisa la Roho, wote sanduku moja, na barua hazijawahi kupotea.

— Sasa kwa nini niipe kila mashine sanduku yake, akasema, kana kwamba ni matajiri?

— Buya mono, Okemwa akasema. Hapo umefanya vizuri.

Akaongeza kuwa kwao wanatumia sanduku la kiwanda cha kahawa, ukoo wote, hata waliohamia Kitale. Nehemiah akasema kwao ni la kanisa. Mimi la kwetu ni la shule, na barua ya dada yangu wa Kericho huja bila shida, ingawa huja imefunguliwa. Jethro akasema umoja ni nguvu. Kwa mara ya kwanza mchana huo tulikuwa tumekubaliana wote, na hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi.

Basi kosa halikuwa kwenye namba. Hilo tukaliweka kando kabisa, tukaendelea kutafuta. Okemwa akakumbuka kwamba wiki iliyopita radi ilipiga mkaratusi nyuma ya studio, na maoni yake ni kwamba ile radi iliingia kwenye waya na bado imo, inakwenda mbele na kurudi ikitafuta pa kutokea. Alimshauri Thadeus akate waya katikati ili itoke. Nehemiah aliona ng'ambo mashine ilizoea watu wa Jumapili, sasa imeletwa kwa watu wa Jumamosi, haijui siku ya kupumzika ni gani. Jethro akaja na lake: mashine nne za sanduku moja ni nyumba moja, na ndugu wa nyumba moja hugombana, kila mmoja anataka kuitika kwanza, zinahitaji kukalishwa chini na mzee.

— Mzee gani atakalisha mashine? nikamwuliza.

— Hiyo ni kazi ya Nehemiah.

— Yaya, Nehemiah akakataa kwa Kigusii. Mimi nimetumwa kuangalia tu.

Saa kumi na moja ikapita. Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Thadeus alikuwa na kisu cha kukatia waya mkononi, na naapa alikuwa anafikiria radi ya Okemwa.

Wakati huo akaja Persis wa posta. Alikuwa ameletwa Nyamira kutoka Keroka mwezi uliopita tu, na hakuwa na desturi ya kusimama kwetu; alikuja na thamosi kununua kahawa ya kupeleka nyumbani Keroka, ambako bado alikuwa analala. Okemwa alikuwa anamimina pole pole, kama afanyavyo kwa mgeni, na huku akimsimulia shida yetu yote, na akamhakikishia kwamba namba tumezikagua, ziko sawa, sanduku moja kama kwao Sironga. Persis akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Thadeus.

— Samahani, mzee wangu. Hiyo barua zenu zikifika shule, nani huzigawa?

— Mwalimu mkuu. Anasoma majina Jumatatu, watoto wakiwa paredi. Kila mtoto anabeba ya kwao.

— Na huko ndani ya waya, mwalimu mkuu ni nani?

Okemwa aliacha kumimina. Nehemiah alitazama kikombe chake. Jethro, aliyekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa, aliyesoma majina kama hayo paredi kwa mdomo wake mwenyewe kila Jumatatu ya Mungu, aliikunja ile faksi, akamrudishia Thadeus. Persis akafunika thamosi yake.

— Kazini kwangu, akasema, masanduku mawili yakiwa na namba moja, hiyo siku hata sitaki kuikumbuka.

Akaenda zake kupanda gari la Keroka. Thadeus alikuwa amesimama.

— Inaita namba moja, akasema pole pole. Zote zinaitika. Yenye mbio ndiyo inachukua.

Akarudia mara ya pili, safari hii kwa nafsi yake, kisha akakimbia. Baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi ilimkosa kwa nywele, na mwenye baiskeli akamwambia maneno ambayo Nehemiah alijifanya hakuyasikia.

Kubadilisha namba si kazi ya dakika moja, kama mlivyofikiri na kama tulivyofikiri sisi. Kila mashine ina kitufe kimoja kidogo cha kuongeza namba, moja moja, na ukipitiliza huwezi kurudi nyuma, unazunguka yote upya. Ukimaliza, unaizima, unangoja ipoe, unaiwasha, unangoja iamke. Kwanza aliishusha kontrola mpaka dukani, akaiacha na namba yake ya zamani, akaiandikia namba mpya za zile tatu. Halafu tukaanza kumwona dirishani pale ghorofani, mgongo umeinama juu ya swicha. Jua likashuka kidole kimoja. Akahamia kwenye mashine ya kanda.

Hatukubishana. Okemwa aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Mimi sisali sana, lakini niliomba, na nilimwambia Mungu wazi kwamba simwombei Harish wala makambi, namwombea huyu mtu arudi nyumbani akiwa na karatasi mfukoni. Nehemiah alikuwa amekodolea macho Manga bila kupepesa, na kwa ile hofu akainua kikombe akanywa. Akanywa chote mpaka machicha. Hakuna aliyemwambia.

Jua likagusa ukingo.

— Limezama? Okemwa akauliza.

— Limegusa. Kugusa si kuzama.

Thadeus alikuwa kwenye mashine ya majina, ya mwisho. Jua likaliwa robo, likaliwa nusu. Hapo Jethro akasema neno lake la mwisho siku ile, na ni la pekee ninaloliheshimu mpaka leo.

— Mzee Nehemiah, lile jua linajificha nyuma ya mlima tu. Nyuma ya Manga bado linawaka. Kisii mjini sasa hivi watu wanaliona. Kisii bado ni Ijumaa kabisa.

— Sabato ya Nyamira inaingilia Nyamira, mwalimu.

— Sijakataa. Lakini wewe ulitumwa uone jua likizama. Mlima ukikuzuia, umeona?

Nehemiah akashauriana na dhamiri yake, kisha akainama akaanza kufunga kamba za viatu, akazifunga kwa makini, moja kisha ya pili, uso ukiangalia chini, na viatu alivyovaa siku hiyo havikuwa na kamba. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Tulimsikia Thadeus akishuka ngazi. Televisheni ya dirishani ilikuwa nyeusi. Ikaendelea kuwa nyeusi. Kisha ikawaka, na picha ikatulia, nasi tukawa tunajitazama wenyewe.

Kamera ya kwanza ilikuwa mlangoni pa duka imeelekezwa barabarani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga. Nikamwona Okemwa na birika lake. Nikamwona mzee mmoja aliyekunjamana na magazeti magotini, ikanichukua muda kumtambua. Nehemiah akainua kichwa kutoka viatuni, na yule wa kwenye televisheni naye akainua.

— Nimeona, akasema. Hakutazama Manga.

Thadeus akabonyeza cha kanda, kanda ikacheza, kwaya ikaimba. Akabonyeza cha majina, jina la yule mzungu likaondoka. Akabonyeza kamera ya pili. Hiyo ilikuwa ndani, juu ya kaunta, na tulichokiona ni mkono wa Harish umeshika kalamu, na karatasi imekunjuliwa juu ya kioo. Mkono uliandika taratibu kwa herufi kubwa. Sisi tuliokuwa ng'ambo ya barabara tulisoma herufi moja moja mpaka jina likaisha. Okemwa, ambaye hajui kusoma, akauliza limeandikwa nini, nikamwambia ni la Thadeus.

Halafu Thadeus akairudisha kamera ya kwanza, tukajiona tena, na safari hii tulijiona vizuri. Huko ndani tulimsikia akicheka. Alikuwa anacheka na Harish, kicheko cha watu wa kazi moja, na hakutoka. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kweli, na papo hapo nikaona wivu, na chini ya wivu kulikuwa na huzuni ambayo sikuitegemea.

Mama yake Harish, Mama Kusum, aliyekuwa amekuja kutoka Kisumu siku hiyo hiyo kumwona mwanawe, akatoka akasimama verandani. Aliitazama televisheni, akatutazama sisi, akaitazama tena televisheni, akilinganisha. Barabara yetu si pana. Aliuliza kwa sauti ya kawaida na tukamsikia.

— Nyinyi wazee, mbona mmeacha nafasi hapo katikati? Hapo hukaa nani?

Okemwa akachukua kikombe alichokuwa amekiacha Thadeus pale katikati ya benchi, akamwaga kahawa iliyopoa. Jethro akasogea kutoka upande wake, mimi na Nehemiah tukasogea kutoka upande wetu, na kwenye televisheni tukajiona tukisogea.